Usizioshe Pesa za Bibi

Ijumaa moja mwaka jana, baada ya chakula cha mchana, nilimwekea mama pesa saba za shaba kiganjani. Tulikuwa nyumbani kwangu Seeb. Sinia za biriani zimeshaondolewa, dele la kahawa limeletwa, wajukuu wamejilaza kwenye zulia na simu zao. Mama ameshapita miaka themanini, na huu ulikuwa mwaka wa nne tangu ugonjwa wa kusahau umuanze. Mimi mwanawe wa kwanza ananiita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Basi nikasema nimpe kitu anachokijua tangu utoto, huenda kikamrudisha kidogo.

Alizigeuza moja moja, akazisogeza karibu na macho, kisha akanirudishia zote.

"Hizi si zangu," alisema. "Zangu nyeusi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Pesa zilikuwa zake kweli. Ila siku tatu kabla, kwa mikono yangu mwenyewe, nilikuwa nimezisugua kwa ndimu na chumvi mpaka zikang'ara kama sufuria mpya. Nilidhani nampendeza. Kumbe nimemfutia.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kutafuta sarafu ndogo za zamani, zile za shaba ambazo hakuna aliyezijali. Naandika haya kwa sababu najua sisi sote, tuliopo Maskati, Dubai, Doha, London na kwingineko, majumbani mwetu kuna bati kama la mama. Na najua kuna mtu leo hii ana ndimu mkononi.

Bati lililofika

Bati lenyewe ni la biskuti, rangi imebanduka, kifuniko lazima ukipige chini ndipo kifunguke. Mama alilipata kwa bibi yake aliyekuwa akikaa Malindi, Mjini Unguja. Miaka ile ya arubaini, mama akiwa mtoto, pesa zile hazikuwa zikinunua kitu tena. Rupia ilishaondoka Unguja mwaka 1936, ikaingia shilingi na senti zake. Basi bibi akawa anawapa watoto wachezee duka. Vijiwe vilikuwa mchele, majani ya mwembe yalikuwa mchicha, pesa peke yake ndiyo zilikuwa za kweli. Wakimaliza, zinahesabiwa, zinarudi kwenye bati.

Sisi tuliondoka Unguja mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi mdogo sana. Mama alikuwa na dhahabu yake ya harusi: bangili, mkufu, vipuli. Yote ilikwenda njiani, kimoja kwa nauli, kimoja kwa chakula, kimoja kwa mtu wa kutupokea. Tulipofika Maskati hakuwa na hata pete. Lakini bati la shaba lilifika zima. Nilimuuliza wakati akili yake bado iko sawa, ilikuwaje? Akacheka, akasema, "Nani angelitaka?"

Ndani mna sarafu arubaini na moja. Nyingi ni robo ana za Kihindi zenye sura ya Malkia Victoria. Moja ina tundu juu, inaonekana kuna mtoto aliwahi kuvishwa kwa uzi. Mbili ni za Wajerumani, moja ya Mombasa. Na saba ni zile zenye mizani, pesa za Sayyid Barghash. Hizo saba ndizo nilizoziosha, kwa kuwa ndizo nilizozipenda zaidi.

Pesa ya mizani

Sayyid Barghash bin Said alitawala Unguja kuanzia 1870 mpaka 1888. Ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib na kuwaletea watu wa mjini maji ya bomba. Mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, alitoa sarafu kwa jina lake mwenyewe. Juu kulikuwa na za dhahabu, katikati riale ya fedha na nusu yake na robo yake, na chini kabisa pesa ya shaba. Za dhahabu leo ni adimu mno, na za fedha nazo hazionekani ovyo. Pesa ya shaba ndiyo iliyopita mikononi mwa watu wote, na ndiyo tuliyobaki nayo. Ilipigwa tena kwa tarehe ya 1304, na ukipekua bati la nyumbani, hizo ndizo tarehe mbili utakazozikuta.

Kabla yake watu wa Unguja walitumia fedha za wengine. Biashara kubwa ilikwenda kwa riale ya Maria Theresa, yenye sura ya malkia wa Austria na mwaka 1780 ambao haubadiliki hata kama imepigwa jana. Biashara ndogo ilikwenda kwa pesa za shaba kutoka Bara Hindi. Hesabu yake wazee waliijua kwa moyo: pesa nne ni ana moja, ana kumi na sita ni rupia, kwa hiyo rupia moja ni pesa sitini na nne.

Mizani yenyewe ina safari. Pesa za shaba za Bombay za mwanzoni mwa miaka ya 1830, zilizotolewa na Kampuni ya East India, zina mizani upande mmoja, na katikati ya sahani zake limeandikwa kwa herufi zetu neno la uadilifu. Nusu karne baadaye mizani iko kwenye pesa ya Barghash. Kisha mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza iliyopewa pwani ya Mombasa ikatoa pesa yake: upande mmoja jua lenye taji, upande wa pili mizani tena, na miaka miwili, 1888 na 1306. Bandari tatu, watawala mbalimbali, alama ileile. Hata asiyejua kusoma, akipapasa kwa kidole gumba, aliijua pesa yake.

Wajerumani waliposhika bara nao hawakuweza kukwepa hesabu ya pesa. Sarafu zao za shaba za 1890 mpaka 1892 zina tai wa Kijerumani upande mmoja, na upande wa pili maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijra. Hata Ngazija, Sultan Said Ali alitoa sarafu za santimu tano na kumi zenye tarehe ya 1308, zikapigwa Paris. Mtu akiziweka zote juu ya meza moja, anaiona pwani yetu ilivyokuwa imevutwa huku na huku ndani ya miaka kumi tu.

Ami huku, mtoto wa ndugu kule

Na Oman? Hapa ndipo watoto wangu walipoacha simu kidogo wakasikiliza.

Sultan Faisal bin Turki alitawala Maskati kuanzia 1888 mpaka 1913. Baba yake, Sayyid Turki, na Sayyid Barghash wa Unguja walikuwa ndugu, wote watoto wa Sayyid Said bin Sultan. Kwa hiyo Barghash ni ami yake Faisal. Ami alitoa pesa yake mwaka 1299. Mtoto wa ndugu akatoa zake kuanzia 1311: robo ana, ambayo ni pesa moja, na kidogo zaidi ya hiyo, sehemu ya kumi na mbili ya ana.

Zilizo nyingi ni robo ana za mwaka 1315, na hizo ni raha kuzikusanya. Ukipata kumi, hakuna mbili zinazofanana sawasawa. Maandishi mara makubwa mara madogo, mduara mara umekaa katikati mara umekwenda upande. Jina la Sultan kwa herufi za kizungu limeandikwa "Fessul", na mwanangu wa kike aliposoma alicheka mpaka machozi. Nikamwambia usicheke sana, hata sisi majina yetu kwenye pasipoti yameandikwa na karani aliyesikia anavyojua.

Basi sasa ninazo mbili ndani ya bahasha moja, ya ami na ya mtoto wa ndugu. Moja ilisafiri kwenye bati la mama, ya pili nimeinunua Matrah kwa riali moja na nusu. Ukoo wetu wenyewe uko hivyohivyo, nusu ilikuwa huku na nusu kule, na kwa miaka mingi hawakuonana.

Kila mtu anaitaja

Jambo moja lilinijia usiku nikiwa na kioo cha kukuzia mkononi. Sarafu hii ndogo kuliko zote ndiyo iliyoshinda.

Riale ya dhahabu ya Barghash nani anaitaja leo? Lakini "pesa" tunaitaja kila siku, na hatuna maana ya kipande cha shaba, tuna maana ya fedha yote, mshahara, nyumba, mahari. Neno limetoka Uhindini, paisa, likavuka bahari na sarafu yenyewe. Hapa Oman ndiyo baiza, na tangu 1970 riali moja ni baiza elfu. Wenzetu wa Ghuba wasiojua hata neno moja la Kiswahili, wakiishiwa husema hawana "baizat". Wasomali waliokuwa chini ya Wataliano walikuwa na besa. Na kule nyumbani watu wanatumiana M-Pesa kwenye simu, bila kujua kwamba wanataja robo ya ana.

Si hilo tu. "Hela" nayo ni hivyohivyo. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha hesabu ya pesa sitini na nne, wakaigawa rupia yao kwa heller mia moja. Wajerumani wakaondoka, rupia ikaondoka, heller ikabaki midomoni mwa watu ikawa hela. Maneno mawili tunayoyatumia zaidi kwa fedha, yote ni majina ya chenji za sokoni. Matajiri waliweka dhahabu sandukuni. Walioipa fedha jina ni wale waliokwenda sokoni na shaba, na walikuwa wengi zaidi.

Mzee wa Matrah

Baada ya ile Ijumaa nilizichukua zile saba mpaka soko la Matrah, kwa mzee mmoja mwenye duka la vitu vya kale. Alizaliwa Mombasa, Kiswahili chake bado cha kule. Nilimwagia pesa zangu juu ya kitambaa. Hakugusa hata moja. Alinitazama tu.

"Umezitia nini?"

"Ndimu, mzee wangu. Na chumvi."

"Subhanallah. Umezichuna ngozi."

Akanieleza taratibu kama anamweleza mtoto. Ule weusi au wekundu wa kahawa iliyoungua si uchafu. Shaba ikikaa na hewa na mikono ya watu kwa zaidi ya miaka mia, inajifunika tabaka jembamba, na tabaka hilo ndilo linaloilinda. Ndimu inakula tabaka lile, chumvi inaisaidia, na kusugua kunaondoka na kingo za herufi. Ikishaondoka hairudi kwa uhai wako wala wa mwanao. Ile rangi ya waridi inayobaki mkusanyaji anaijua kutoka mlangoni.

Niliuliza bei, si kwa kutaka kuuza bali kutaka kujua ukubwa wa kosa. Zote saba akanipa bei ya moja.

Kisha akafungua droo, akatoa pesa moja ya 1299, nyeusi tii, mizani imekaa juu yake wazi kama imechorwa kwa wino. Riali nne. Nikalipa bila kubishana, jambo ambalo nadhani lilimuudhi kidogo.

Dada yangu

Dada yangu yuko Dubai. Nilipompigia kumwambia nimempatia mama pesa nyingine, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo umeziharibu zake, sasa unampa ya mtu mwingine umwambie ni ya bibi? Unamdanganya mama kwa sababu hakumbuki."

Nilikasirika. Nikamwambia yeye hayupo, hajui shida ya kukaa na mama anayeuliza saa ngapi tunakwenda Malindi. Tukakata simu vibaya. Lakini usiku sikulala, maana alikuwa amesema kweli. Pesa ile nyeusi haikuwahi kukaa kwenye bati letu. Imetoka nyumba gani, ilipotea vipi, nani alihitaji riali mbili akaipeleka dukani, sijui. Kumwambia mama "hii yako" ni uongo, na uongo kwa mgonjwa bado ni uongo.

Ijumaa iliyofuata nilimwekea mkononi, nikamwambia ukweli. "Mama, zile zako nimeziharibu, nisamehe. Hii si yako. Nimeinunua Matrah."

Hakuitazama. Aliiweka baina ya kidole gumba na cha shahada, akaipapasa. Kidole kilipofika kwenye mizani kikasimama.

"Ya mizani," alisema. "Bibi hataki tutoke nazo nje." Kisha akaanza kutuhadithia duka lao la barazani: nani alikuwa muuzaji, nani alikuwa mwizi wa kokwa za ubuyu zilizokuwa kahawa, nani alilia. Majina sita au saba, mengine sijawahi kuyasikia maishani. Mwanangu wa kike alikuwa ameshawasha simu kurekodi, Mungu ambariki. Ilikuwa dakika kumi na moja.

Mwisho akaniuliza, "Umenunua kwa kiasi gani?"

"Riali nne, mama."

Akanikodolea macho. "Riali nne kwa pesa moja? Umeibiwa!" Na akaniita kwa jina la kaka yake, kama kawaida. Tulicheka sote, naye akacheka. Nilimpelekea dada rekodi usiku uleule. Hakuandika kitu. Asubuhi akaniuliza kama mzee wa Matrah anayo nyingine.

Kabla hujafungua bati lako

Mimi si bingwa, nimeanza juzi. Lakini haya nimejifunza kwa hasara, uyachukue bure.

Usioshe. Si kwa ndimu, si kwa ukwaju, si kwa siki, si kwa dawa ya kusafishia shaba. Kama kuna vumbi au mchanga, iroweke kwenye maji yasiyo na chumvi wala klorini, yale yaliyotoneshwa ya kutia kwenye betri au pasi, kisha ikausha kwa kitambaa laini kwa kugonga tu, usisugue. Shika sarafu kwa kingo zake, maana jasho la vidole nalo linakula.

Tazama kijani. Kijani kilichotulia, laini, kigumu, kiache. Kijani cha ungaunga kinachomeguka na kurudi tena ni ugonjwa wa shaba unaoletwa na chumvi, na sisi tunaokaa karibu na bahari tunaupata sana. Sarafu hiyo itenge na wenzake, umuulize mjuzi.

Usihifadhi kwenye vifuko laini vya plastiki. Vikizeeka vinatoa mvuke na kuiachia sarafu utelezi wa kijani. Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi zinatosha, na ndani ya kasha tia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Soma tarehe, na wasomeshe watoto. Wakusanyaji wengi wa Ulaya inawabidi wafungue kitabu wajue ١٢٩٩ ni nini. Mwanao anayesoma Kurani anaisoma papo hapo. Kwa zile za Kihindi, angalia maneno kwenye sura ya Victoria: ikiandikwa "Queen" ni ya kabla ya 1877, ikiandikwa "Empress" ni ya mwaka huo au baada yake.

Usitafute utajiri. Pesa ya Barghash na robo ana ya Faisal ni za riali chache, na yenye tundu ni pungufu ya hapo. Ile yenye tundu ya kwetu haina bei kabisa dukani, lakini nimemuuliza mama, na anasema aliivaa yeye.

Na la mwisho, ambalo ndilo la kwanza: usilifungue bati peke yako. Lifungue mbele ya mwenyewe, naye angali anajua ni lake. Mpe moja moja mkononi, washa simu irekodi, kisha unyamaze. Zile saba zangu zinazong'ara nimezirudisha kwenye bati pamoja na wenzake. Hazitarudi kuwa nyeusi mimi nikiwa hai. Nimeandika kikaratasi, nimekitia ndani pamoja nazo: zilikuwa za bibi yake mama, Malindi, Unguja, aliyeziosha ni mimi.